Zelinda wa Banda la Kuku

Bango lilibandikwa usiku, na Alhamisi asubuhi Zelinda Gandolfi alipofika sokoni kupanga nyanya zake akalikuta linamkodolea macho kutoka ukuta wa duka la vifungo. SILIO GANDO, kwa herufi nene nyekundu. Jumapili, saa tisa alasiri, ukumbi wa Fauvette. Na chini yake, kwa herufi ndogo kidogo, ila si ndogo za kutosha: pamoja na SOLANGE AUBRY.

"Pamoja na nani?" Zelinda alisema peke yake, kwa sauti. Akatua kreti kwa kishindo, nyanya mbili zikaruka zikabingirikia mtaroni.

Fernande, muuza jibini wa meza ya jirani, alikuwa ameliona bango tangu alfajiri, na tangu alfajiri alikuwa akimsubiri mwenzake kwa hamu.

"Mwenzangu, mdogo wako anarudi nyumbani! Toulon nzima itajaa pale. Huoni raha?"

"Raha ya nini? Huyo Solange ndiye nani?"

"Labda mke mpya."

"Wake zake nawajua wote, nawaona magazetini. Huyu hayumo."

Fernande akasogea huku anafuta mikono kwenye aproni. Umbea ulikuwa umemjaa mdomoni, hakuweza kuuzuia. "Binti wa dada yangu anafagia pale Fauvette. Anasema wapiga muziki wameshapewa nyimbo watakazopiga. Na ule wenu umo."

"Upi?"

"Usijitie hamnazo, Zelinda. Ule wa viatu."

"Ule ni wa watu wawili."

"Si ndio hao wawili?" Fernande akaonyesha bango kwa kidevu, anacheka.

Damu ikampanda Zelinda mpaka masikioni. Mteja akaja kuuliza bei ya vitunguu, akajibiwa ovyo, akaondoka ananung'unika. Zelinda hakumwona hata sura. Alikuwa akiitazama ile picha ya mdogo wake, kofia imeinamishwa upande, meno yote nje, kama mtu ambaye hajawahi kumkosea binadamu yeyote.

"Basi na waje," alisema mwisho. "Waje waimbe. Na mimi nitakuwepo na kifuko changu."

Fernande akaacha kucheka. "We! Huyo ni ndugu yako wa tumbo moja."

"Ndiyo maana nitakaa mbele kabisa."

Kwetu sisi wa mtaa wa Besagne, kifuko cha Zelinda si jambo la kuuliza. Lakini kama hujawahi kupanda kule juu, basi sikiliza. Pale Fauvette, juu kabisa, chini ya dari, kwenye mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, ndiko tunakokaa sisi: wachuuzi, mabaharia, mafundi wa bandarini, Wataliano na watoto wa Wataliano. Panaitwa Banda la Kuku. Wenye nazo wanakaa chini kwenye viti vya mahameli na kupigia makofi kila kitu, maana wameshalipia. Banda la Kuku halipigi makofi ovyo. Waimbaji wa Paris wanatujua. Wengine wanaanza kuumwa tumbo wakiwa bado kwenye treni. Mtu akiharibu, tunatia vidole mdomoni na kupiga miluzi mpaka pazia lifungwe. Kuna waliotoka mlango wa nyuma moja kwa moja mpaka kituo cha treni, rangi za usoni hawajafuta.

Na Banda la Kuku lote linamtazama Zelinda. Hakuna aliyemchagua. Ana sikio tu, basi, sikio ambalo halidanganyiki. Yeye hukaa benchi la mbele, tumbo limegusa ukingo, mkononi ameshika kifuko cha kitambaa chenye mbegu za maboga zilizokaangwa. Akiwa anatafuna, mambo ni sawa. Akiacha kutafuna, watu wanaanza kukohoa. Akifunga kamba ya kifuko kwa fundo, kwisha habari yako. Toussaint, mpakizi wa bandarini ambaye mluzi wake unasikika mpaka melini, hukaa ubavuni kwake na hatii kidole mdomoni kabla ya kuliona fundo lile.

Alishamfungia kifuko bwana mmoja wa opera mwenye medali kifuani. Na alishamtafunia mbegu mpaka mwisho msichana mmoja mwenye kithembe ambaye watu walikuja makusudi kumfukuza. Heshima yake ilitoka hapo. Hata mtu aliyemchukia, akiimba vizuri, Zelinda alitafuna. Hakuwahi kufunga kifuko kwa uongo.

Sasa tuseme ukweli bila kuuzungusha: Zelinda alikuwa na wivu. Si ule wivu wa siku mbili tatu. Ni wivu aliokula nao na kulala nao tangu akiwa msichana.

Baba yao, mzee Gandolfi, alikuja kutoka Italia na mwiko wa kupigia lipu na kodiani kuukuu. Siku za kazi alipiga lipu, Jumapili alipiga kodiani kwenye migahawa ya bandarini, na watoto wake wawili waliimba. Zelinda ndiye mkubwa. Ersilio, ambaye baadaye alijikata jina akawa Silio Gando, alikuwa mwembamba, mwenye masikio makubwa, na sauti ya kawaida tu. Waulize wazee waliobaki. Watu waliacha kunywa kwa sababu ya Zelinda. Wimbo wa viatu alitunga yeye, akifua nguo za familia nzima kwenye birika la uani: mvulana anaondoka na meli, anamuuliza msichana wa dirishani, "Nikuletee nini nikirudi?" Na msichana anajibu, "Niletee viatu, nikufuate." Hapo kwenye viatu sauti inapanda, inapanda mpaka mtu unashika meza.

Bwana mmoja kutoka Paris akawasikia. Akawataka wote wawili. Mzee Gandolfi akasema mvulana aende, msichana Paris atafanya nini, na hapa nani atapika? Wakaagana kituoni. Silio analia, kamasi zinamtoka. "Nitakuita, dada. Nikipata chumba tu, nakuita."

Zelinda alifunga sanduku, akaliweka chini ya kitanda. Halikutoka.

Yule mwenzake je? Aliimba kwenye vilabu vidogo, kisha vikubwa. Vita ilipokwisha akaingia kwenye sinema: akawa muoka mikate, akawa muuaji, akawa padri, na kila mara kina mama wa Besagne walitoka wakipenga. Akacheza michezo ya jukwaani kwa Kifaransa kule Paris, akaenda Roma akaicheza kwa Kitaliano. Akacheza ile dansi ya viatu vyenye chuma kwenye soli, ya kugongagonga sakafu. Akapiga piano. Magazeti yakaandika kwamba anachora pia, na picha zake zinanunuliwa. Kuchora! Zelinda aliposoma hilo alilitupa gazeti jikoni. "Huyu huyu," alimwambia mumewe, "aliyekuwa hawezi kuchora hata yai?"

Mumewe, Honoré, fundi wa meli, mtu wa maneno machache, alikuwa ameitazama ile filamu ya padri mara tatu. "Lakini anajua, Zelinda," alisema. "Anajua kweli." Siku mbili chakula chake kiliwekwa mezani kimepoa.

Na ule wimbo, miaka yote ile, Silio hakuwahi kuuimba. Hilo ndilo lilikuwa faraja ya Zelinda, kama faraja ilikuwepo. Kila akipanga nyanya, kila akipaza sauti kuita wateja, alijua kuna kitu kimoja ambacho mwenye vipaji vyote yule hawezi kukigusa bila yeye. Sasa kimeletewa msichana.

Jumapili saa sita gari jeusi likasimama mbele ya mlango, na mtaa mzima ukatoka madirishani. Silio Gando akashuka. Mvi zimemwingia pembeni, amependeza, amenukia. Akamkumbatia dada yake mpaka akamnyanyua.

"Dada! Bado mzito!"

"Na wewe bado muongo. Ingia, chakula kinapoa."

Nyuma yake akatoka msichana mwembamba mwenye koti jepesi la bluu, amebeba boksi la keki kwa mikono miwili kama anayeogopa kuliangusha. "Shikamoo, mama," alisema. "Mimi ni Solange."

Zelinda alikuwa amejiandaa kuletewa malaya wa Paris. Alikuwa ameyapanga hata maneno. Akaletewa mtoto mwenye adabu, na hilo likamuudhi zaidi.

Mezani walikula kade ya moto iliyotoka kwenye tanuri la jirani, ule mkate wetu wa unga wa dengu na pilipili manga, kisha ravioli, vile vidonge vya unga vilivyojazwa nyama, kama alivyozipika mama yao. Honoré alikuwa anacheka kila Silio akifungua mdomo. Silio akaiga sauti ya mzee Gandolfi akigombana na kodiani, na hata Zelinda karibu acheke, akajizuia kwa kunywa maji. Solange alikula kila alichopewa. Halafu, wanaume walipotoka uani kuvuta sigara, akasogeza kiti chake.

"Mama, samahani. Bwana Silio ananiambia wimbo huu ni wako. Ananiambia pale kwenye viatu ulikuwa unapanda kama vile si kitu. Mimi nafika, lakini nafika nimechoka. Ulikuwa unafanyaje?"

Zelinda alijua jibu kama anavyojua jina lake. Pumzi haivutwi mwanzo wa mstari. Unaimba "niletee" kwa pumzi iliyobaki, unakata, unavuta kidogo tu kama mtu aliyeshtuka, ndipo "viatu" inapanda yenyewe. Aligundua hilo akiwa ameinama kwenye birika la kufulia, na hakumwambia mtu.

"Nilikuwa naimba tu," alijibu. "Vuta pumzi popote unapotaka."

"Popote?"

"Popote, mwanangu. Kula ravioli."

Silio alirudi ndani peke yake wakati Zelinda anaosha sahani. Solange alikuwa ametoka kumwangalia paka wa Honoré. Silio akaegemea kabati, akachukua kitambaa, akaanza kukausha sahani kama zamani.

"Utafunga kifuko?" aliuliza.

"Mbegu ni za kutafuna."

"Nimekujua tangu sijaota meno, dada. Nimeliona jicho lako. Kama una hasira, nipigie mimi miluzi. Mtoto wa watu mwache."

"Hukuniita." Maneno yakamtoka hivyo hivyo, bila maandalizi, mikono ndani ya povu. "Ulisema utaniita. Ulipata chumba, ukapata nyumba, ukapata na bustani ya mbwa. Leo wimbo wangu unaimbwa na huyu. Nipe sababu moja, Silio. Usinitajie baba, baba alishakufa zamani."

Silio akaikausha sahani moja muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha naye hasira zikampanda.

"Unataka sababu? Haya! Ulikuwa unaniua! Kila tukisimama pamoja watu wanakutazama wewe. Mimi naimba, wao wanangoja nimalize ili uanze. Paris ilikuwa mara yangu ya kwanza kuimba mtu ananitazama mimi. Ningekuita, ningekuwa nani? Mbeba kodiani! Nilikuonea wivu mpaka nikaumwa, Zelinda. Umeridhika?"

Maskini Zelinda. Miaka yote aliota kusikia maneno hayo, na kudhani siku akiyasikia moyo utatulia. Haukutulia. Kumbe alijua! Alijua nani mwenye sauti, na bado akamwacha hapa na nyanya. Akatoa mikono kwenye maji, akaifuta polepole.

"Nenda ukajiandae," alisema. "Utachelewa."

Alipanda Banda la Kuku mapema, amevaa gauni lake la kanisani. Fernande upande mmoja, Toussaint upande wa pili, Honoré nyuma kidogo, amenyoa ndevu. Kulijaa mpaka watu wakakalia ngazi. Zelinda akafungua kifuko mapajani, kamba ikaning'inia.

"Kwa heri au kwa shari?" Toussaint aliuliza huku anasugua viganja.

"Tazama kamba, acha maswali."

Pazia likafunguka, na Silio Gando akaingia kwa mwendo ule ule wa zamani, mabega mbele, kama mtu aliyechelewa karamu. Na alikuwa mzuri, nakwambia. Aliimba, akacheza dansi mpaka mbao zikalia, akavua kofia akawa hakimu, akaivaa akawa mshitakiwa, akaigeuza akawa mke wa mshitakiwa, na watu wakashika mbavu. Halafu akasimama tuli, akasema maneno machache ya mtu anayerudi nyumbani na kukuta kufuli limebadilishwa, na Honoré kule nyuma akapenga kamasi. Zelinda alitafuna. Alitafuna kwa hasira, maganda yanaanguka hovyo, lakini alitafuna. Sikio lake halikumpa nafasi.

Ndipo wapiga muziki wakabadili, na kodiani ikaanza peke yake. Zelinda aliitambua kabla kidole cha pili hakijagusa. Solange akatoka upande wa kushoto, gauni jeupe, hana mapambo. Alitembea kwa hatua fupi, kama anayeogopa kuteleza.

Silio akaimba: "Nikuletee nini nikirudi?"

Na yule mtoto akajibu. Sauti ilikuwa safi. Ilikuwa changa na safi, na Banda la Kuku lote likanyamaza, wale mabaharia walevi kwenye kona pia wakanyamaza. Yule mtoto alikuwa pale pale, chini, amesimama kwenye mwanga mahali ambapo Zelinda angesimama, na maneno aliyoyatunga Zelinda akiwa na sabuni mikononi yalikuwa yanatoka kwenye mdomo mwingine, na watu walikuwa wanayapenda. Laiti angeimba vibaya! Zelinda angemhurumia, pengine.

Ubeti wa pili ukapanda kuelekea pale kwenye viatu. Solange akavuta pumzi mwanzo wa mstari, kama alivyoambiwa, popote. "Niletee viatu..." Akafika juu, lakini akafika amechoka, na ncha ya mwisho ya sauti ikafifia kidogo kabla ya wakati wake. Kidogo sana. Kule chini hakuna aliyesikia. Siku nyingine Zelinda angeliacha lipite, angesema mtoto ana woga, atakua.

Akaacha kutafuna. Watu wakakohoa.

"Zelinda," Fernande alinong'ona. "Zelinda, usifanye hivyo. Ameimba vizuri."

Zelinda akashika ncha mbili za kamba, akafunga fundo. Akalikaza.

Toussaint alimtazama, akalitazama fundo, akamtazama tena. Hakuelewa. Lakini fundo ni fundo. Akatia vidole mdomoni. Baada yake wakafuata kumi, kisha benchi zima, kisha Banda lote, miluzi ikashuka kama mvua ya mawe. Solange akainua uso kutazama juu, mdomo bado wazi. Akajaribu kuendelea, sauti ikakatika. Akashika gauni lake kwa mikono miwili, na machozi yakaanza kumtoka mbele za watu wote.

Silio akainua mkono kwa wapiga muziki. Kodiani ikanyamaza. Akasogea mpaka ukingoni mwa jukwaa, akanyoosha shingo juu, na hakuhitaji kutafuta. Alimwona.

"Zelinda Gandolfi!" aliita. Miluzi ikafa. "Nimekuelewa. Wimbo ni wako, mwenyewe nimesema. Kila mtu hapa asikie: dada yangu ndiye aliyekuwa mwimbaji kwetu, mimi nilikuwa mbeba kodiani. Haya, inuka. Imba hapo hapo ulipo. Tuwaonyeshe."

Watu wote wakageuka, wa chini kwenye mahameli wakajinyonga shingo. Fernande akamshika mkono, naye akauondoa. Lo, ni siku gani hii! Alikuwa ameisubiri siku hii tangu sanduku liingie chini ya kitanda. Akainuka, akajiweka sawa gauni, kifuko kimefungwa mkononi.

Kodiani ikaanza. Silio akaimba kwa upole, uso juu: "Nikuletee nini nikirudi?"

Zelinda akafungua mdomo.

Miaka zaidi ya ishirini ya kuita wateja sokoni, majira ya joto na ya upepo, ilitoka pamoja na neno la kwanza. Ilikuwa sauti ya kuuzia nyanya. Ilikwaruza. Alijisikia mwenyewe, na akadhani labda ni koo kukauka, akaendelea. Akalifikia lile neno. Akaimba "niletee" kwa pumzi iliyobaki, akakata, akavuta kidogo tu kama mtu aliyeshtuka, kila kitu mahali pake kama alivyogundua kwenye birika, akapanda kwenye "viatu".

Hakukutoka kitu. Ulitoka upepo tu, na mkwaruzo, na kimya.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekohoa. Silio alibaki ameinua uso, na Zelinda aliona kutoka kule juu: hakuwa amefurahi, hakuwa ameshinda, alikuwa anaumia. Banda la Kuku lote lilikuwa linamtazama yeye, kama kawaida yake, likingoja kuambiwa. Toussaint alikuwa ameinua vidole nusu ya njia, akavishusha, akaviinua. Akamwinamia.

"Mama Zelinda," alinong'ona, jitu zima lile. "Tufanyeje?"

Zelinda akakitazama kifuko. Kilikuwa kimeshafungwa. Alikuwa amemfungia mtu aliyeimba vizuri, na sasa ameimba yeye, vibaya. Aibu ikamwasha uso mzima. Wangenyamaza, alijua. Wangepiga hata makofi kwa kumhurumia, na kuanzia leo fundo lake lisingekuwa na maana tena kwa mtu yeyote, wala kwake.

Akakinyanyua kifuko juu ya kichwa chake ili wote walione lile fundo. Halafu akatia vidole viwili mdomoni akajipigia mluzi. Mrefu, mkali, bila huruma, mluzi ule ule aliopigiwa yule bwana wa medali.

Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka, wakapiga miguu chini, Toussaint akapiga mluzi wake huku machozi yanamtoka, na Zelinda amesimama katikati ya kelele hizo akiwa ameshika ukingo kwa mkono mmoja, hacheki. Alingoja. Waliponyamaza akainamia jukwaa.

"Wewe mtoto!" aliita kwa sauti ile ile ya nyanya. "Solange! Futa kamasi. Nilikudanganya mezani. Pumzi si popote. Pumzi ni kabla ya viatu! Imba 'niletee' na ulichobakiza, halafu shtuka. Umesikia?"

"Ndiyo, mama," alijibu Solange, kwa sauti ndogo ambayo tuliisikia wote.

"Basi imba."

Akakaa. Akaanza kufungua fundo, lakini alikuwa amelikaza mno, vidole havikushika. Akalitia menoni, likagoma. Fernande akamnyang'anya bila neno, akalipekua kwa kucha zake mpaka likalegea, akamrudishia kifuko wazi mapajani.

Kodiani ikaanza kwa mara ya tatu. Silio akauliza swali lake, na mara hii hakuweza kutazama juu. Solange akajibu. Akafika kwenye mstari ule, akaimba "niletee", akakata, akashtuka, na sauti ikapanda yenyewe, ikakaa juu kule bila kuchoka, na Honoré akashika benchi la mbele yake.

Wivu ulimkaba Zelinda pale pale, haukupungua hata chembe. Ilikuwa vile vile. Ilikuwa kama alivyokuwa akiimba yeye. Banda zima lilikuwa limegeuka kumtazama mdomo, Toussaint ameweka mikono magotini, na Zelinda akachukua mbegu, akaitia mdomoni, akatafuna.